Deki ya nyumbani imegoma mezani: kagua hivi kabla hujaivunja

Deki ya karata za Magic uliyoiunga mwenyewe ikipigwa usiku wake wa kwanza, wazo linalokuja haraka ni kwamba karata zako ni hafifu na za wenzako ni za hela. Mara nyingi si hivyo. Nimeona deki za karata za kawaida kabisa, zile zinazobaki chini ya boksi kila mtu akishachagua, zikisafisha meza Nyegezi, Mwanza. Nimeona pia karata za bei mbaya zikikaa mkononi mpaka mwenyewe anakufa nazo. Kinachoharibika kwanza huwa ni hesabu, kisha uchangaji, kisha mchezaji. Karata yenyewe ni mshukiwa wa mwisho, na hapa chini nakagua kwa mpangilio unaokaribia huo.

Nazungumzia Magic: The Gathering, mchezo alioubuni Richard Garfield na kutoka mwaka 1993. Deki ina karata zisizopungua 60, watu wawili, uhai 20 kila mmoja, na karata saba mkononi mwanzoni. Kama meza yenu ni ya Pokémon au Yu-Gi-Oh! namba zitabadilika, ila njia ya kukagua ni ile ile.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Fundi pikipiki anayebadilisha plagi, kabureta na cheni asubuhi moja hawezi kukuambia kilichokuwa kimeharibika ni kipi. Na usihukumu mapema: deki iliyo nguvu sawa na ya mpinzani bado itapoteza michezo mitatu mfululizo mara moja kati ya nane, kwa bahati tu. Kwa hiyo "nimepigwa tatu bila" haikuambii kitu. Kinachokuambia kitu ni namna ulivyopigwa. Njoo na kijidaftari, na kila mchezo ukiisha andika mambo mawili: ulikuwa na ardhi ngapi mezani (karata zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine), na karata zipi zilibaki mkononi. Usiandike zaidi ya hapo, utachoka.

Mchezo umeisha, mkono bado umejaa

Hii ndiyo dalili ya wengi, na ina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa nje.

Cha kwanza ni ardhi chache. Anayeunga deki kwa mara ya kwanza hupunguza ardhi kwa sababu ardhi hazina raha. Kila nafasi anataka aweke joka. Tazama hesabu. Ukiwa na ardhi 24 katika karata 60, mkono wa kwanza wenye ardhi moja au usio na ardhi kabisa huja takriban mara 14 kwa kila 100. Ukishusha mpaka ardhi 20, huja takriban mara 25 kwa kila 100. Yaani umetoa ardhi nne tu na tayari mchezo mmoja kati ya minne unaanza ukiwa umefungwa miguu. Ardhi 20 zinawezekana, lakini kwa deki ambayo karibu kila karata inagharimu mana moja au mbili. Kama yako ina karata za mana tano, anza na 24 na usibishane nazo mpaka daftari likwambie vingine.

Cha pili ni gharama. Ardhi unazo, nne au tano mezani, ila mkononi zimekaa karata za mana sita. Hii haionekani ukizipitia karata moja moja, maana kila moja peke yake ni nzuri. Zimwage mezani, zipange safu kwa gharama: za mana moja kushoto, mbili, tatu, mpaka mwisho. Deki yenye afya ina safu ndefu kwenye mbili na tatu, kisha inateremka. Ukikuta safu ya tano kwenda juu ndiyo ndefu kuliko zote, usitafute mchawi. Mimi safu hiyo siiachi ivuke karata sita, hata zikinililia.

Cha tatu, ambacho watu hukisahau, ni rangi: kila ardhi ya msingi hutoa mana ya rangi yake tu. Ardhi ziko nne mezani, mkononi una karata ya mana mbili, na bado huwezi kuitoa. Chukua Counterspell, karata ya kawaida kabisa ya bluu, inayodai alama mbili za bluu na hakuna kingine. Una deki ya rangi mbili, umegawa kiungwana: ardhi 12 za bluu na 12 nyekundu. Ukianza wewe, mpaka zamu yako ya pili utakuwa umeona karata nane. Uwezekano wa kuwa na bluu mbili ndani ya hizo nane ni kama nusu tu. Nusu! Unabeba karata ya zamu ya pili ambayo katika mchezo mmoja kati ya miwili haiwezi kutoka kwenye zamu ya pili. Hata kupata bluu moja si hakika: kwa ardhi 12, mkono mmoja kati ya mitano unakuja bila bluu yoyote.

Kwa hiyo hesabu alama zilizo pembeni ya majina ya karata zako, rangi kwa rangi, halafu gawa ardhi kwa uwiano huo badala ya nusu kwa nusu. Rangi moja iwe mwenyeji, nyingine mgeni, na mgeni asipewe karata za alama mbili. Ardhi kama Evolving Wilds na Terramorphic Expanse, ambazo hutolewa kafara ili uchukue ardhi ya msingi yoyote kutoka kwenye rundo, nazo husaidia sana. Ni karata za kawaida. Ukimwomba mtu mwenye boksi la mabaki hawezi kukunyima. Na kama deki ya kwanza ina rangi tatu, punguza moja leo leo. Ukitaka tatu, subiri mpaka uwe na ardhi za kuzibeba.

Ardhi, ardhi, ardhi tu

Kinyume chake. Kabla hujatoa ardhi, angalia zipo ngapi. Kwa ardhi 24, mkono wa kwanza wenye ardhi tano au zaidi huja kama mara 8 kwa kila 100. Kwa ardhi 28 unapanda mpaka mara 16. Kama zako ni 24 au 25 na umefurika mara moja usiku mzima, hiyo ni bahati ya siku, iache. Kama zako ni 27 au 28 kwa sababu wiki iliyopita ulikaukiwa ukaongeza kwa hasira, toa mbili. Kuna pia ardhi zenye kazi ya pili: Forgotten Cave huweza kulipiwa mana moja nyekundu ukaitupa na kuvuta karata nyingine, na kila rangi ina ndugu yake wa namna hiyo. Mbili au tatu za aina hiyo zinatosha kupunguza makali.

Karata niliyoitegemea haionekani

Hesabu deki yako sasa hivi. Zipo 60 kamili, au 71? Sheria inasema zisipungue 60. Juu hakuna kikomo ilimradi uweze kuchanga mwenyewe, na hapo ndipo mtu wa kwetu anapoponzwa, maana kutupa karata nzuri kunauma. Karata yenye nakala nne katika deki ya 60 hutokea kwenye mkono wa kwanza mara 40 kwa kila 100. Ongeza karata mpaka 75, inashuka mpaka 33. Nakala moja tu katika 60 hutokea kama mara 12.

Hapo unaona tatizo la deki nyingi za kuungaunga: zina nakala moja ya kila kitu, kwa sababu ndicho kilichopatikana. Karata hizi huzikuti kila duka la mjini, huo ni ukweli, na ndiyo maana kubadilishana ni muhimu kuliko kununua. Usimbembeleze mwenzako akupe joka lake. Mwombe nakala ya pili na ya tatu ya kile kiumbe cha mana mbili ambacho deki yako yote inakiegemea. Yeye anakiona takataka; kwako ndicho uti wa mgongo.

Zinakuja mafungu mafungu

Ardhi sita zinafuatana, kisha karata saba bila ardhi. Hapa deki mara nyingi haina kosa, imechangwa vibaya. Namna yetu ya kuchanga, ile ya kushika fungu mkono mmoja na kuliangusha kidogo kidogo juu ya mkono mwingine, inatosha kwa lasti kadi pale kijiweni. Kwenye deki hii haitoshi. Tazama mwisho wa mchezo wowote: ardhi zako zimepangwa mezani mstari mmoja, unazizoa kwa kiganja kimoja, unazibandika juu ya rundo, unaangusha mara tano huku unapiga soga, basi. Zile ardhi bado zimeshikana kama zilivyokuwa mezani, na mchezo unaofuata unazikuta zote pamoja.

Gawa deki nusu mbili na uzichopeke nusu moja ndani ya nyingine. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba karata 52 zinahitaji kuchopekwa hivyo kama mara 7 ndipo zichanganyike vizuri. Kwa 60 ongeza moja mbili. Kuzigawa mezani moja moja kwenye vifungu saba kunasaidia kuhesabu kama zimetimia, lakini si kuchanga, kwa sababu kila karata inaangukia mahali panapojulikana. Ukimaliza, mpe mpinzani akate. Asipotaka, mlazimishe kwa upole. Inazuia maneno baadaye.

Kuna kushikana kwa kimwili pia. Karata tupu zisizo na vifuko vya plastiki, kwa unyevu wa ziwani, huanza kugandana kingo. Zile za kung'aa ndizo mbaya zaidi: tabaka la kung'aa halinyonyi unyevu na karatasi ya nyuma inanyonya, basi karata inajikunja kama ganda. Karata iliyojikunja inajulikana ikiwa ndani ya rundo hata hujaiona uso, na mpinzani ana haki ya kulalamika. Vifuko visivyopitisha mwanga ndiyo dawa, vyote vya rangi moja na umri mmoja. Usafiri nazo kwenye chombo chenye mfuniko, hasa masika ukiwa kwenye bodaboda, na utupie humo vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na jamani, sato wa kukaanga aliwe kwanza, mikono ioshwe kwa sabuni, ndipo mchange. Kifuko chenye alama ya mafuta kwenye kona ni karata iliyotiwa alama, hata kama hukukusudia.

Kama meza iko chini ya feni, weka visoda juu ya karata zisipeperuke. Vinafaa pia kuhesabia.

Inaanza mbio, inaishiwa pumzi

Zamu ya nne mpinzani ana uhai sita, wewe mkono mtupu. Zamu ya nane umekufa. Vyanzo ni viwili.

Ama deki haina karata inayokuletea karata. Kwa bluu, Divination ni mana tatu na unavuta mbili. Rahisi, ya kawaida, inatosha kuanzia. Kwa nyekundu tunza Lightning Bolt. Mana moja, majeraha matatu, na yanaweza kwenda kwa kiumbe au kwa mchezaji mwenyewe. Wengi huzimalizia kwenye viumbe vidogo zamu ya pili, halafu mpinzani anabaki na uhai tatu na wao hawana kitu mkononi.

Ama unamwaga viumbe wote mezani kwa mpigo. Mpinzani mwenye rangi nyeusi anatoa Crypt Rats, karata inayojeruhi kila kiumbe kwa kadiri ya mana nyeusi anayolipa, na wako wote wanakufa. Ukiwa na viumbe wawili wanaopiga vizuri na mpinzani hana jibu, wa tatu na wa nne wakae mkononi. Hili ni kosa la mchezaji, na hakuna karata ya kununua itakayolitibu.

Nyumbani inashinda, hapa haishindi

Nyumbani ulikuwa unampiga nani? Kama ni mdogo wako na deki yake ile ile kila siku, ulichounga ni deki ya kumpiga mdogo wako.

Lakini kabla ya kufika huko, uliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla hujatoka nyumbani: meza ya leo inacheza mtindo gani? Ukileta deki ya 60 ya watu wawili ukakuta watu wanne wanacheza Commander, hakuna cha kurekebisha. Commander ni karata 100 pamoja na jemadari wake, nakala moja moja isipokuwa ardhi za msingi, na uhai 40. Deki yako ya mbio iliyopimwa kumaliza uhai 20 sasa ina uhai 120 wa kumaliza, na watatu wenye sababu ya kukuzima wewe kwanza. Si mbovu, imekuja kwenye harusi isiyo yake.

Pauper ni mlango mzuri zaidi kwa anayeunga kwa mabaki: karata za daraja la kawaida tu, mtindo uliotambuliwa rasmi mwaka 2019. Tatizo la hela linapungua sana, na ukipigwa unajua umepigwa kwa ufundi. Ningekuwa naandaa meza mpya Igoma au Malimbe kwa wanafunzi, ningeanza na huo.

Unashika mkono mbovu kwa aibu

Hii ni fupi. Mkono wa karata saba wenye ardhi moja si "tuone itakuwaje". Rudisha. Kwa utaratibu uliopo tangu 2019 unachanga, unavuta saba tena, kisha unachagua moja ya kuweka chini ya rundo. Ukirudisha mara ya pili unaweka mbili. Kwa kuwa unaona saba kabla ya kuchagua ya kuiacha, adhabu si kubwa kama zamani. Watu wazima kwa vijana huona haya kurudisha mbele za watu. Mpinzani hajali, kaka. Anafurahi zaidi ukishika.

Angalia pia kama sheria zenyewe hazikupigi. Kiumbe aliyetoka zamu hii hashambulii mpaka zamu yako ijayo, isipokuwa karata yake iseme. Anayeanza mchezo wa wawili havuti karata zamu ya kwanza. Ubishi juu ya karata moja moja umalizwe kwenye Gatherer, hifadhi rasmi ya maandishi ya kila karata, ambayo inafunguka bure kwenye simu. Sauti kubwa isiamue.

Wanazikataa nakala zako

Kama "ya nyumbani" kwako ina maana umezichapa mwenyewe, ongea kwanza, toa karata baadaye. Mashindano rasmi yanataka karata halisi. Usiku wa kirafiki ni makubaliano ya meza, na meza nyingi hukubali nakala zinazosomeka na ambazo hazijifanyi halisi.

Malalamiko ya haki huwa juu ya unene na ukubwa. Usikate karata kutoka manila peke yake. Inakuwa nyepesi, na kidole kinaijua. Chapa uso kwenye karatasi ya kawaida pale steshenari, milimita 63 kwa 88, kata kwa wembe na rula badala ya mkasi, uitie ndani ya kifuko mbele ya karata halisi usiyoitumia. Ukikosa, karata za kuchezea za kawaida zenye kopa na shupaza zinafaa kwa mgongo, mradi uzipime: za upana wa milimita 63 hivi zinakaa vizuri, zile nyembamba za 57 zinacheza ndani ya kifuko. Halafu tia deki nzima kwenye vifuko hivyo hivyo. Ukiweka nakala tu kwenye vifuko na halisi tupu, umeshazitangaza.

Ni mtu mmoja tu anakupiga kila wiki

Basi usiguse deki kuu. Kwenye mechi ya michezo mitatu una karata 15 za akiba unazoweza kuingiza baada ya mchezo wa kwanza, na deki nyingi za nyumbani huja bila akiba kabisa, au akiba ni zile zilizobaki. Kaa naye, mwangalie anashindaje. Kama ni viumbe wanaoruka, weka vinavyozuia warukao. Kama anashinda kwa karata moja anayoichota makaburini, yaani kwenye rundo la karata zilizotumika au kufa, weka za kufuta makaburi. Nne zinazomlenga yeye, nne zinazolenga deki nyingine unayokutana nayo sana, zinazobaki utajua mwenyewe. Toa idadi ile ile uliyoingiza, na mechi ikiisha zirudishe zote kabla hujahamia meza nyingine. Anayefuata anaweza kuwa na deki tofauti kabisa.

Akija wiki ijayo amebadilisha deki yake, maana yake na wewe umeanza kumsumbua.